Folda ndani ya folda ndani ya folda: menyu ya mwongozo ipangwe vipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Lamu, Mkomani. Lilikua refu, nalifupisha: "Assalam alaykum. Mimi ndo natunza tovuti ya mwongozo wa programu yetu ya nyumba za wageni, kubuku vyumba, malipo, risiti, hesabu za mwenye nyumba, kila kitu. Tunatumia MkDocs, ile inayogeuza mafaili ya maandishi kuwa tovuti, na ile sura yake ya Material. Kurasa zishapita mia na ishirini. Nlianza na folda tatu, saa hii ni folda ndani ya folda mpaka ya tano, menyu ya kushoto haina mwisho, na watu wa mapokezi hawasomi, wanapiga simu, tena wananiuliza vitu ambavyo vimo mle ndani nimeviandika kwa mkono wangu. Nifute nianze upya? Na folda ziwe ngapi kwa ngapi?"

Wa alaykum salaam dadangu. Usifute kitu, na usianze upya, manake ukianza upya na fikra ile ile utafika pale pale baada ya miezi sita, nshayafanya hayo mimi mwenyewe mara mbili. Maandishi yako mazuri, nimesoma kurasa kama kumi na tano hivi na nimeelewa zote. Tatizo ni kwamba menyu yako imekua picha ya diski yako, na mtu wa mapokezi hana haja na diski yako. Folda ni yako wewe unayeandika, menyu ni ya anayesoma, na hakuna sheria popote inayosema lazima zifanane. Ukilishika hilo moja mengine yote nitakayokwambia utayaona yanajileta yenyewe.

Hebu tazama ukurasa wa kusajili mgeni, ambao nadhani ndo unaohitajika kuliko wote. Uko hapa:

docs/Mfumo/Moduli/Mapokezi/Wageni/Usajili/kusajili-mgeni.md

Milango mitano. Ndani ya Mfumo mna Moduli peke yake, hamna kitu chengine, kwa hio mtu anabofya "Mfumo" anaonyeshwa neno moja, anabofya hilo neno moja ndo anaona manne. Na kule mwisho ndani ya Usajili mna faili moja tu. Folda yenye kitu kimoja ndani ni mlango wa kupita tu, haumsaidii mtu kuchagua chochote. Nimekuhesabia nyingine kama hizo tisa. Hizo tisa zikitoka kwenye menyu tu, menyu itapumua.

Na najua zilikujaje. Zilikuja kwa sababu programu yenyewe imeandikwa kwa moduli, na walioiandika wanaizungumza hivo, kwa hio na wewe ukafuata. Lakini msichana wa mapokezi hana moduli kichwani. Mbele yake kuna mzungu katoka boti ya Mokowe na mabegi matatu, ana jasho, anasema kalipa chumba tangu juzi na kwenye skrini chumba kinaonekana hakijalipwa. Huyu dada ana labda nusu dakika kabla hajakupigia simu. Na kukupigia ni rahisi kuliko milango mitano, mimi pia ningepiga.

Sasa upande wa kiufundi. Nimeangalia ile mkdocs.yml uliyonitumia, faili la mipangilio ya tovuti, haina nav, yaani ile sehemu ya kuorodhesha menyu. Hapo ndo penye mambo. MkDocs isipokuta nav inajisomea folda ya docs yote, inapanga mafaili kwa herufi, index, ule ukurasa wa mwanzo wa folda, inaiweka mbele, na kila folda inaigeuza kichwa cha menyu kwa jina lile lile ulilolipa folda, ikikuta kistari inatia nafasi basi. Kwa hio kila siku ulipounda folda mpya ili ujipangie vitu vyako vizuri, bila kujua ulikua unamjengea msomaji mlango mwengine. Dawa yake ni kuiandika nav kwa mkono. Kurasa mia na ishirini zinaonekana nyingi lakini ni kazi ya alasiri moja, na ukishaiandika folda unaweza kuziacha zilivyo kabisa, menyu itafuata nav. Mfano mdogo (njia za mafaili nimezifupisha, wewe andika zile zilivyo kwako):

```
nav:
  - Anza hapa: index.md
  - Wageni:
    - wageni/index.md
    - Mgeni mpya: wageni/mgeni-mpya.md
    - Mgeni anaongeza siku: wageni/kuongeza-siku.md
    - Mgeni kaghairi: wageni/kughairi.md
  - Pesa:
    - pesa/index.md
    - M-Pesa haijaingia: pesa/mpesa-haijaingia.md
    - Risiti kutoa tena: pesa/risiti-tena.md
    - Kurudisha pesa: pesa/kurudisha.md
  - Vyumba:
    - vyumba/index.md
    - Chumba kibovu: vyumba/kufunga-chumba.md
  - Kwa meneja:
    - meneja/index.md
    - Hesabu za mwezi:
      - Ripoti ya mapato: meneja/mapato.md
      - Ripoti ya vyumba: meneja/vyumba.md
```

Angalizo mbili za haraka kwa sababu najua utakwama hapo. YAML, ule mtindo ulioandikiwa faili hilo, haitaki kile kitufe cha Tab, tumia nafasi za kawaida, ukimtilia Tab atakutia tabu. Na jina la menyu likiwa na nukta pacha ndani lifunge kwa alama za nukuu.

Kuna hatari moja ya nav ya mkono: ukiongeza ukurasa mpya ukasahau kuutia, MkDocs itaujenga tu, uko hewani lakini hakuna njia ya kuufikia kutoka kwenye menyu, na itakutajia hilo kwa sauti ya chini tu kwenye ile orodha ya ujumbe ambao hakuna anayeusoma. Tangu toleo la 1.5 kuna sehemu ya validation, ndani yake nav, ndani yake omitted_files, iandike warn, kisha wakati wa kujenga utumie mkdocs build --strict. Hapo ukisahau ukurasa, haijengi mpaka urekebishe. Na ile kurasa ambayo kwa makusudi hutaki iwe kwenye menyu, itaje kwenye not_in_nav isikusumbue.

Haya, folda ngapi kwa ngapi. Wewe uko Mkomani, sina haja ya kukueleza nyumba ya mawe ilivyo. Kuna daka, pale anakaa kila mtu, hata muuza samaki. Ukipita unaingia kiwanda, yaani ua. Halafu kumbi zake, msana wa tini, halafu msana wa yuu, halafu ndani. Kila ukizidi kuingia ndo watu wanapungua, na aliyejenga alitaka iwe hivo, mgeni asiyejulikana asifike ndani. Sasa wewe umeuchukua ukurasa wa kusajili mgeni, ambao ulitakiwa ukae dakani, ukautia ndani kabisa pale pa bibi harusi! Na kwenye daka umeweka nini? "Historia ya Mfumo". Nimeisoma, nzuri, lakini ni nani anaitafuta saa tatu asubuhi boti ikifika.

Kwa hio kina si kibaya chenyewe, kina ni cha vitu vinavyotafutwa na wachache. Kubadilisha viwango vya kodi, kuunganisha Paybill mpya, kurudisha data kutoka nakala ya akiba, hayo ya meneja na ya mtu wa kompyuta, yakae mbali hakuna ubaya, anayeyataka ana muda na anajua anachotafuta. Yale ya kila siku yasizidi kubofya mara mbili. Kwa ukubwa wa tovuti yako mimi ningesema ngazi tatu mwisho: kichwa, kikundi, ukurasa. Vichwa vitano au sita juu. Kikundi tumia pale tu kichwa kimejaa, sio kwa ajili ya usawa, manake nimeona watu wakishaweka vikundi kwenye "Pesa" wanahisi vibaya "Vyumba" kubaki bila vikundi, wanavitengeneza vya bure ili menyu ilingane pande zote. Wacha isilingane.

Na utaambiwa na mtu, inshallah hutaambiwa lakini utaambiwa, kwamba kisayansi menyu isizidi vitu saba. Hio imetoka kwa George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1956 kuhusu vitu vingapi mtu anaweza kuvishika kichwani kwa muda mfupi, saba ukiongeza au ukitoa viwili. Kushika kichwani. Menyu haushiki kichwani, iko mbele ya macho yako unaisoma. Orodha ya kurasa kumi na mbili zenye majina yanayoeleweka ni bora mara nyingi kuliko folda tatu zenye nne nne ambazo lazima mtu abahatishe ni ipi ya kufungua. Watu wengi wamezamisha kurasa zao chini kabisa kwa kuiogopa hio saba.

Kitu ambacho nadhani hujakiona kwa sababu wewe unaandikia kwenye laptopu: fungua tovuti yako kwenye simu. Skrini ikiwa nyembamba kuliko pikseli 1220, Material inaificha menyu kwenye ile batani ya mistari mitatu, na ukiifungua inakuonyesha ngazi moja kwa wakati mmoja, ukibofya folda ile ya juu inaondoka kabisa inakuja ya ndani, na kurudi ni kwa kimshale. Kwenye laptopu folda tano unaziona zimeshuka ngazi kama vidato, unajua uko wapi. Kwenye simu ni kama kuingia vichochoro usiku, ukikata kona tatu hujui tena Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, uko upande gani. Na wewe umeniambia mwenyewe watu wa mapokezi karibu wote wanasoma kwa simu, kompyuta ya mezani iko na programu imejaa skrini. Basi hio ndo menyu yako ya kweli, ya simu. Ile ya laptopu ni ya kwako na mimi. Kwa sababu hio hio usitegemee zile swichi za Material, navigation.tabs wala navigation.sections, kukuokoa, zote mbili zinapendeza na mimi nazitumia lakini zinafanya kazi kwenye skrini pana tu, kwenye simu ngazi zinarudi kama zilivyokua.

navigation.expand, ile inayofungua folda zote tangu mwanzo, nayo usiiguse. Najua inavutia, unasema basi kila kitu kionekane, lakini kurasa mia na ishirini zikifunguka zote mtu anateremsha kidole mpaka kinamuuma. Tena menyu nzima inarudiwa ndani ya kila ukurasa, mtu wa Kizingitini anayesoma kwa bando la siku anaishusha menyu ile ile kila anapobofya. Kuna navigation.prune inayoacha kwenye ukurasa yale matawi yanayoonekana peke yake, hio washa, lakini ujue haikubaliani na expand, ni moja kati ya mbili.

Sasa majina, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo simu nyingi unazopigiwa zinatoka, na ni jambo ambalo miongozo ya wenzetu haitakwambia kwa vile wao hawaandiki Kiswahili.

Angalia menyu yako ya Mapokezi. Jinsi ya kusajili mgeni. Jinsi ya kubadilisha chumba. Jinsi ya kughairi. Jinsi ya kuprinti risiti. Jinsi ya kurudisha malipo. Ziko kumi na nne na zote zinaanza "Jinsi ya ku". Jicho la mtu likisoma orodha halisomi mstari mzima, linashuka upande wa kushoto linachukua neno la kwanza la kila mstari, linaruka. Wewe upande wa kushoto umeweka ukuta mmoja mrefu wa "Jinsi ya ku", neno lenye maana liko mbele huko, na kwa kuwa menyu ni nyembamba na kila folda inausogeza mstari ndani zaidi, hilo neno lenye maana limekatika limeshuka chini mstari wa pili. Futa "Jinsi ya" zote. Afu usiishie hapo, manake zitabaki kusajili, kubadilisha, kughairi, kuprinti, kurudisha, bado ku ku ku kama banda la kuku. Kiswahili kinaanza vitenzi vyote namna moja, hatuna la kufanya, kwa hio tangulia na kitu badala ya kitendo: Mgeni mpya. Mgeni kaghairi. Chumba kibovu. Risiti kutoa tena. Na pale ambapo mtu anakuja na tatizo, andika tatizo lenyewe kwa maneno anayoyasema kwenye simu: "M-Pesa haijaingia". Hakuna binadamu anayetafuta "Upatanishaji wa miamala ya kielektroniki", wallahi hata wewe uliyeandika hungeutafuta kwa jina hilo.

Kichwa cha ukurasa wenyewe kule ndani kinaweza kubaki kirefu na kamili. Jina ulilolitia kwenye nav ndo MkDocs inalitumia kwenye menyu, likikosekana ndo inaenda kutafuta title ya juu ya faili, halafu kichwa cha kwanza cha ukurasa, halafu jina la faili. Kwa hio unaweza kuwa na fupi kwenye menyu na refu kwenye ukurasa bila kugombana.

Utaniambia, kwani si kuna kutafuta pale juu? Kuna, na kwa Kiingereza inafanya kazi vizuri sana. Kwa Kiswahili inachechemea. Hizi injini za kutafuta zimezoea lugha zinazobadilisha mkia wa neno, sisi tunabadilisha kichwa. Mtu akiandika "kulipa" haitajua kwamba malipo, amelipa, hajalipa, kulipwa na walipaji ni ukoo mmoja, kwake hayo ni maneno ya watu mbalimbali. Basi kwa sisi menyu inabeba mzigo mkubwa kuliko kwao, na cha kusaidia kidogo ni kuhakikisha kwenye kila ukurasa, aya ya kwanza, umeyatia yale maneno tofauti kwa njia ya kawaida: "Mgeni amelipa kwa M-Pesa lakini malipo hayaonekani, chumba kinasema hajalipa…" Hapo umeshaweka matatu ndani ya sentensi moja na haisomeki vibaya.

Jengine la majina. Una "Mipangilio" nne. Iko ya Mapokezi, ya Vyumba, ya Hesabu, na nyingine juu kabisa peke yake. Mimi niko Malindi, na sisi huku tuna Shela yetu kama nyinyi mlivyo na yenu. Nikimwambia mtu wa hapa "nipeleke Shela" boda inaniteremsha hapa hapa, nikimwambia wa huko anatafuta boti. Jina ni sawa, shida inakuja mtu akilitaja bila ya kusema la wapi, na kwenye simu, nshakwambia, ile ya juu inapotea, kwa hio mtu anaona "Mipangilio" tupu hajui ni ya wapi. Iite Mipangilio ya vyumba, Mipangilio ya risiti, hata kama iko ndani ya folda ya Vyumba tayari, kurudia kidogo hapa hakuna dhambi. Na ile ya juu kabisa ningeivunja tu, kila kipande kiende kwake.

Umeona kwenye mfano wangu kila kichwa kina index.md isiyo na jina. Hio ni kwa ajili ya navigation.indexes ya Material. Kwa kawaida kwenye MkDocs kichwa cha folda si ukurasa, ukikibofya kinafunguka na kufunga tu. Ukiwasha navigation.indexes, na ukaitaja index ya folda bila kuipa jina, basi kichwa chenyewe kinakua ukurasa. Pale andika mistari michache: humu mna nini, na linki nne tano za yale yanayoulizwa sana, hata yakiwa yamekaa folda nyengine. Hasa hayo ya folda nyengine. Kurudisha pesa mgeni akighairi, hio ni ya Wageni au ya Pesa? Watu watabishana mpaka alfajiri. Ukurasa ukae mahali pamoja, na kwenye index ya upande wa pili weka linki, usinakili ukurasa mara mbili, manake siku utakayobadilisha mmoja utasahau wa pili. Kama umewasha toc.integrate, ile inayotia yaliyomo ya ukurasa ndani ya menyu, izime kwanza, hizo mbili hazikai pamoja.

Lakini mimi na wewe tukikaa tukapanga menyu wawili tu tutakosea tena. Nliwahi kupangia menyu kampuni moja ya hapa Malindi, sitaitaja, nikaweka mambo ya kurudisha pesa chini ya "Sera", kwa sababu kwenye makaratasi yao iko chini ya sera. Hakuna aliyeipata. Nlikaa nyuma ya mfanyakazi mmoja nikamtazama anafungua Pesa, anarudi, anafungua Pesa tena, anarudi, anafungua Pesa mara ya tatu kama mtu anayefungua friji akidhani chakula kitakua kimejileta. Hakugusa Sera hata mara moja. Jioni ile ile nikauhamisha.

Kwa hio fanya hivi, haikugharimu kitu. Andika majina ya kurasa kwenye vikaratasi, karatasi moja ukurasa mmoja, si lazima zote, chagua arobaini zinazotumika. Mkalishe mtu wa mapokezi mmoja, peke yake, mwambie zikusanye makundi unavyoona wewe, halafu kila kundi ulipe jina. Usimsaidie. Hata akikuuliza "hii iende wapi" mwambie popote unapoona wewe. Fanya na watu wanne watano, wa nyumba tofauti, mmoja wa Shela, mmoja wa Langoni, na mmoja mpya aliyeanza juzi, huyo mpya ana thamani kuliko wote. Ukiona watatu wameliita kundi "Pesa" na wewe uliita "Hesabu na Miamala", basi jina ni Pesa, usibishane nao. Halafu siku nyengine geuza: andika menyu mpya kwenye karatasi, vichwa tu, umuulize "mgeni anataka kuongeza siku mbili, utabofya wapi?" Angalia kidole kinaenda wapi mara ya kwanza. Hio ya kwanza ndo jibu, akishaanza kufikiria keshajua unamtahini.

Kuna mtu atakuelekeza kwenye ule mpango wa Daniele Procida unaoitwa Diátaxis, unaogawa maandishi ya kiufundi mafungu manne: mafunzo ya kuanzia, maelekezo ya kazi, marejeo, na maelezo ya kwa nini. Mpango mzuri, usome, utakusaidia wakati wa kuandika, utaacha kuchanganya historia ya kipengele na hatua za kukitumia ndani ya ukurasa mmoja kama ulivyofanya kwenye Ripoti. Ila kwa tovuti yako usiyafanye hayo manne kuwa vichwa vya menyu. Mtu wa mapokezi hajui kama anachohitaji ni maelekezo au ni marejeo, anajua ni pesa au ni chumba.

Zile namba ulizoanza kutia mbele ya mafaili, 1-, 2-, mpaka 10-, ziache. Kwanza zinapangwa kama herufi, kwa hio 10 inakuja kabla ya 2. Pili kwenye MkDocs namba inaingia mpaka kwenye anwani ya ukurasa, siku ukitaka kupandisha ukurasa juu inabidi ubadilishe namba na anwani nayo inabadilika. Mpangilio ukishakua kwenye nav namba hazina kazi tena. Mtu akihamia chombo chengine kama Docusaurus namba inaondolewa kwenye anwani yenyewe, na huko kuna _category_.json ya kila folda, Hugo wana weight, hayo majina tu, fikra ni ile ile.

Na majina ya folda: herufi ndogo zote, bila nafasi. Una Wageni na pia una linki zinazosema wageni. Kwenye Windows yako ni kitu kimoja, zinafunguka, kwenye seva ya Linux ni folda mbili tofauti na mtu anapata 404, yaani ukurasa haupo. Siku ukija kuibadilisha jina tumia git mv mara mbili, kwanza jina la muda halafu jina lenyewe, ukibadilisha herufi kubwa kuwa ndogo kwa mkono Git kwenye Windows inaweza isione kama kuna kilichobadilika.

Hapo tumefika kwenye anwani, na ndo sababu nlikwambia folda uziache kwanza. Tim Berners-Lee, aliyeianzisha Web yenyewe, alishaandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na watu wako wanatumiana linki kwenye WhatsApp, nyengine zimebandikwa ukutani mapokezi. Ukihamisha faili kutoka folda hadi folda, hizo zote zinakufa kimya kimya. Kwa hio menyu kwanza, kupitia nav, mafaili yakae yalipo. Watu wakishaizoea, mwezi au miwili, na kama bado zile njia ndefu zinakukera, ndo uhamishe, na siku hio hio uweke mkdocs-redirects, kiongezo cha MkDocs, kwenye redirect_maps unaandika faili la zamani na la sasa, nayo inaacha ukurasa mdogo pale pa zamani unaomsukuma mtu kwenda pepya. Sio 301, ule uelekezaji wa seva yenyewe, ni ukurasa wa HTML, lakini kwa tovuti ya mafaili matupu kama yako inatosha. Usiitoe baada ya mwezi, iache.

Mwisho, na hili fanya leo leo kabla ya nav wala vikaratasi. Kwenye docs mna folda inaitwa Backup-Machi. Iko hewani, iko kwenye menyu, kwa herufi imepanda juu kabisa kabla ya Mfumo, tena ukitafuta "bei" inakuja ya kwanza. Itie kwenye exclude_docs isijengwe kabisa. Mle ndani mna bei za vyumba za mwaka juzi, na katika yale maswali ya simu uliyonitumia, mawili yametoka humo.